Tofaa la Kisiwa cha Enlli: Mti Mmoja Uliobaki



Tofaa ni tunda ambalo wengi wetu tunaliita epo. Ndugu zetu wa Lushoto, Njombe na Makete wanalilima, maana mti wake unapenda baridi. Sisi wengine tunayaona matofaa mjini juu ya meza za wauzaji, yamefutwa kwa kitambaa mpaka yanang'aa, na mengi ya hayo yametoka Afrika Kusini. Ndugu wa pwani na Visiwani wasichanganyikiwe. Wao wana tunda lao jekundu, laini, lenye kokwa moja, nalo huliita tufaa. Hilo ni tunda jingine kabisa. Hapa tunasema juu ya lile la nchi za baridi, lenye mbegu ndogo za kahawia katikati.

Leo tunataka kueleza habari za aina moja ya tofaa ambayo ilibakiwa na mti mmoja tu unaojulikana. Mti mmoja, hauna wa pili. Ukikatwa kuni, basi. Ukiangushwa na upepo, basi. Habari hii ni ya mbali, lakini jambo lililotaka kuupata mti ule laweza kuupata mwembe ulioko nyuma ya nyumba ya babu yako. Na kazi iliyouokoa ni kazi ya kisu na kalamu. Kisu kipo katika kila nyumba. Kalamu nayo mmejifunza kuitumia.

KISIWA CHENYE UPEPO

Wales ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, na nchi hizo mbili ziko chini ya serikali moja ya kifalme. Watu wa Wales wana lugha yao wenyewe. Kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo, mwisho wa rasi iitwayo Llŷn, kuna kisiwa kidogo. Kwa Kiingereza kinaitwa Bardsey. Kwa lugha ya wenyeji kinaitwa Ynys Enlli, yaani Kisiwa cha Enlli. Kiko kama kilomita 3 tu kutoka nchi kavu, lakini mkondo wa maji katikati ni mkali sana, na hali ya hewa ikichafuka boti hazivuki. Ukubwa wake wote haufiki kilomita 2 za mraba.

Zamani kisiwa hiki kilikuwa na sifa kubwa ya dini. Watawa wa Kikristo waliishi huko kwa mamia ya miaka. Watu walikwenda kuhiji, na ilisemekana kwamba kwenda Enlli mara 3 ni sawa na kwenda Roma mara 1. Masimulizi yanasema watakatifu 20,000 wamezikwa katika udongo wake. Mwaka 1537, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, nyumba ya watawa ilifungwa, na leo limebaki gofu la mnara wake. Wakaja wakulima na wavuvi. Katika miaka ya 1870 mwenye kisiwa alijenga nyumba mpya za mawe kwa ajili ya wakulima wake, na mojawapo inaitwa Plas Bach. Siku hizi wanaokaa huko mwaka mzima ni watu wachache, wa kuhesabika kwa vidole.

Ubavuni mwa nyumba hiyo ya Plas Bach ulikuwepo mtofaa mzee. Ulikuwa umejipinda na kuegemea ukuta, kama mtu anayejikinga na upepo wa bahari. Ulikuwa mti wa nyumbani tu.

Mwaka 1998 mtu mmoja aliyekuwa kisiwani aliokota matunda yake, akampelekea Ian Sturrock, mtaalamu wa miche ya matunda huko kaskazini mwa Wales. Mtaalamu huyu akayageuza, akayanusa, akashindwa kuyatambua. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba yalikuwa safi. Wales ni nchi ya mvua na unyevu. Matofaa ya huko hushambuliwa na ukungu unaotia madoa meusi makavu juu ya ganda, mfano wa upele, na miti yenyewe hupata vidonda kwenye gome. Tunda hili halikuwa na madoa. Mti nao haukuwa na vidonda.

Basi matunda yakapelekwa Brogdale, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Hapo ndipo lilipo shamba la taifa la kuhifadhi aina za matunda. Lina zaidi ya aina 2,000 za matofaa, kila aina na kibao chake chenye jina. Mjuzi wa matofaa aitwaye Joan Morgan aliyachunguza matunda ya kisiwani, akayalinganisha na aina zinazojulikana. Jibu lake lilikuwa kwamba hayalingani na yoyote. Magazeti yakaandika kwamba huo ni mtofaa adimu kuliko yote duniani. Tunda likapewa jina la kisiwa: Afal Enlli, maana yake tofaa la Enlli. Lina rangi ya waridi juu ya manjano hafifu, lina matuta-matuta, na ukilikata linanukia kama limau.

SI WANGEPANDA MBEGU?

Hapa msomaji atauliza: kama wana wasiwasi, si wangechukua mbegu za tunda hilo wakazipanda? Mbona jambo rahisi?

Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha habari hii. Mbegu ya tofaa haizai tofaa kama lile ilimotoka. Ua la mtofaa, kwa kawaida, halibebi tunda kwa unga wake lenyewe. Linahitaji unga wa ua la mtofaa wa aina nyingine, ulioletwa na nyuki. Kwa hiyo mbegu ni mtoto mwenye mama na baba. Na watoto wa mama mmoja, ninyi wazazi mnajua, hawafanani. Kata tofaa moja, toa mbegu zake tano, zipande zote: utapata miti mitano tofauti. Mmoja utazaa matunda madogo machungu, mwingine makubwa yasiyo na ladha. Wa kufanana kabisa na mama hutaupata.

Huko Kazakhstan, katika milima ya Tian Shan karibu na mji wa Almaty, kuna misitu ya matofaa yaliyojiotea yenyewe. Mrusi Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa asili ya mazao, alifika huko mwaka 1929, akaona kwamba hapo ndipo asili ya tofaa la kulimwa. Katika misitu hiyo kila mti una tunda lake: kubwa, dogo, jekundu, la kijani, tamu, chungu. Ndivyo tofaa lilivyo likiachwa lizaliane kwa mbegu.

Sasa ikiwa mbegu haisaidii, watu wamewezaje kuwa na aina moja ya tofaa kwa miaka mingi? Wamefanya kama sisi tunavyofanya na muhogo na mgomba. Nani kati yetu anapanda mbegu ya ndizi? Tunachukua chipukizi la mgomba wenyewe, tukalihamishia mahali pengine. Ule mgomba mpya si mtoto wa ule wa zamani. Ni ule ule, umehama tu. Muhogo vilevile, tunakata kipande cha mti. Tofaa lina shida moja: kijiti chake ukikichomeka ardhini kwa kawaida hakitoi mizizi. Lazima kishikishwe juu ya shina la mtofaa mwingine wenye mizizi. Kazi hiyo mabwana shamba wetu wanaiita kubebesha, na kile kijiti kinachobebeshwa wanakiita kikonyo.

Kwa hiyo aina moja ya tofaa, hata ikiwa na miti elfu kumi, kwa kweli ni mti mmoja wenye miili elfu kumi. Uingereza kuna tofaa maarufu la kupikia liitwalo Bramley. Mwaka 1809 msichana mmoja, Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu katika mji mdogo wa Southwell. Mti ukaota katika bustani ya kwao. Mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana mwenye shamba la miche, Henry Merryweather, akaonja tunda, akaomba vikonyo ili auze miche. Mchinja nyama akakubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Na mpaka leo linaitwa hivyo. Aliyepanda mbegu hatajwi kwenye tunda. Mambo ya dunia hayo.

Mti wenyewe wa Southwell ulianguka kwa upepo mwaka 1900, ukaota upya, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukifa polepole kwa ugonjwa wa uyoga unaoshika mizizi. Ni huzuni. Lakini tofaa la Bramley halifi, kwa sababu tangu siku ya Merryweather vikonyo vimesambazwa kila mahali. Tofaa la Enlli mwaka 1998 halikuwa na bahati hiyo. Mwili wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeegemea ukuta.

KAZI YA KISU

Tueleze namna kazi ile inavyofanyika, maana ndiyo ile ile inayotumika kwa maembe na machungwa ya kwetu.

Huko kwenye baridi miti hupukutisha majani, ikalala kama iliyokufa. Wakati huo hukatwa vijiti vya mwaka ule, unene wa penseli, vikafungwa na kuwekwa mahali pa baridi na unyevu visikauke. Majira ya joto yanapokaribia na miti inapoanza kuamka, mtaalamu huchukua mche wenye mizizi, akaukata mshazari. Kikonyo nacho hukikata mshazari wa namna hiyo hiyo. Kisha anavibananisha viwili hivyo. Siri yote iko katika utando mwembamba sana ulio kati ya gome na mti wa ndani. Huo ndio ulio hai na unaokua. Utando wa kikonyo ukigusana na utando wa shina, vitashikana na kuwa kitu kimoja. Usipogusana, hata ukifunga kwa mnyororo, kikonyo kitakauka. Baada ya hapo kiungo hufungwa kwa utepe na kuzibwa kwa nta, maji na hewa visiingie. Kisu lazima kiwe kikali na safi. Kisu butu kinachana, hakikati.

Shina la chini nalo lina kazi yake. Katika kituo cha East Malling, huko huko Kent, kilichoanzishwa mwaka 1913, wataalamu walipanga mashina ya chini kwa namba. Shina moja hufanya mti uwe mkubwa, na jingine huufanya uwe mfupi kiasi cha mtu kuchuma akiwa amesimama chini. Tunda ni lile lile, urefu ndio unaobadilika.

Hapa kwetu, kwa mwembe, mche wa kubebeshwa nao uwe na unene wa penseli. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata kikonyo, majani ya ncha ya tawi hilo huondolewa, vikabaki vikonyo vya majani ambavyo hudondoka vyenyewe, na macho ya tawi huanza kuvimba. Ndipo kikonyo cha sentimeta 10 hadi 15 hukatwa, ncha yake ya chini ikachongwa kama kabari. Mche hukatwa juu na kupasuliwa katikati, kabari ikaingizwa, pakafungwa kwa nailoni. Juu hufunikwa kwa mfuko mwembamba wa plastiki, na mche ukawekwa kivulini. Wanaotaka kuona kwa macho waombe bwana shamba, au vituo vinavyotoa miche iliyobebeshwa, kama kile cha utafiti wa mazao ya bustani kilichoko Tengeru, Arusha. Mkono hujifunza kwa kutazama zaidi kuliko kwa kusoma. Sisi waalimu tunalikubali hilo.

Neno moja la tahadhari. Machipukizi yakitokea chini ya kiungo, yaondoeni mara moja. Hayo ni ya shina la chini, si ya tunda mnalolitaka. Watu wengi wameyaacha yakakua yakaua kikonyo, halafu mti unapozaa tunda baya wanasema wameuziwa mche wa uongo. Tena msichukue kikonyo katika mti mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa husafiri pamoja nacho. Na miche au vikonyo visivushwe mpaka wa nchi kwa siri. Sheria ya afya ya mimea ina sababu yake.

Kwa kazi ya namna hii Sturrock alizalisha miche ya tofaa la Enlli kutoka ule mti mmoja. Baada ya miaka michache miche ikauzwa kwa watu wa Wales na Uingereza. Leo mtofaa wa Enlli unaota katika bustani nyingi sana, za watu wasioijua hata njia ya kwenda kisiwani.

FAIDA YA TUNDA DOGO LA KISIWANI

Wapo watakaosema: matofaa yako mengi sokoni, hili moja lina maana gani? Lingekufa, nani angelala na njaa?

Ni kweli, asingelala mtu na njaa siku hiyo. Lakini tutazame Ayalandi, nchi jirani ya Wales, mwaka 1845. Wakulima maskini wa huko walitegemea viazi, na wengi walipanda aina moja iliyoitwa Lumper. Viazi navyo hupandwa kwa kipande cha mwili, kwa hiyo shamba zima, na nchi karibu nzima, ilikuwa kama mmea mmoja. Ukaja ugonjwa wa ukungu, ule ule unaounguza majani ya viazi na nyanya katika milima yetu wakati wa mvua na baridi. Ulipoujua udhaifu wa mmea mmoja uliijua nchi nzima. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata, na wengine wengi wakaihama nchi yao.

Upande wa matofaa, ule ukungu wa madoa meusi umewasumbua wakulima tangu zamani. Kinga moja iliyotumika sana haikutoka katika tofaa zuri la sokoni. Ilitoka katika mtofaa wa mapambo wenye asili ya Japani, matunda yake madogo kama njegere, hayafai kwa mtu kula. Huko Illinois, Marekani, wataalamu walianza kuuchanganya na matofaa ya kula mwanzoni mwa karne iliyopita. Kazi ilipita mikono mingi, mpaka mwaka 1970 ikatolewa aina ya kwanza ya kula yenye kinga hiyo, iitwayo Prima. Baadaye ukungu nao ukajifunza, na mahali pengine kinga ile imeshindwa. Kwa hiyo wanatafuta kinga nyingine tena. Wataitafuta wapi? Katika miti ambayo watu wengine walikuwa wanaidharau.

Na sisi tunao mfano wetu nyumbani. Katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, kipo kituo cha utafiti cha Amani. Miaka ya 1930 muhogo ulikuwa unateswa na batobato. Wataalamu wa Amani, mmoja wao akiitwa H. H. Storey, walichanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni ndugu wa muhogo lakini hauna mzizi wa kula. Wakarudia kuchanganya mara nyingi mpaka wakapata muhogo unaolika na wenye kinga. Uzao wa kazi ile ulifika Nigeria, ukatumika kuzalisha mihogo mingine ya kinga. Nani angedhani kwamba mti wa utomvu utaokoa ugali?

Hatusemi kwamba tofaa la Enlli litaokoa dunia. Lakini mti uliokaa ukutani, ukapigwa na upepo wa chumvi, pasipo dawa wala matunzo, na bado ukawa safi, una kitu ndani yake. Kitu hicho kingepotea kabla mtu hajakiuliza ni nini.

WATAWA AU HAPANA?

Wanaouza miche ya Enlli hupenda kusema kwamba mti ule ni mabaki ya bustani ya watawa wa miaka elfu iliyopita. Ni hadithi tamu. Sisi tunaishika kwa mkono mmoja. Mtofaa kwa kawaida hauishi miaka elfu. Ukipita miaka mia umekula chumvi. Inawezekana mti wa zamani ulikufa ukaacha chipukizi kutoka kwenye mizizi, na hilo chipukizi likaacha jingine. Inawezekana vilevile kwamba mkulima fulani wa Plas Bach alitupa kitovu cha tofaa dirishani, mbegu ikaota, basi. Kama ni hivyo, huo mti ulizaliwa peke yake kama ule wa Southwell, na upekee wake haupungui hata kidogo.

Jambo tunaloliona kubwa ni jingine. Baada ya habari kuenea, ingewezekana kuuzungushia mti ule uzio, kuweka mlinzi na kuandika: USIGUSE. Ungekaa salama mpaka siku ya dhoruba. Badala yake walikata vijiti vyake wakavigawa. Walichukua mti adimu kuliko yote wakaufanya usiwe adimu tena. Kwa kusema kweli, waliuondolea sifa yake ya magazetini, na hiyo ndiyo iliyoupa uhai.

Tunalisema hili kwa sababu vijijini tunapopita tunakuta mtu ana mwembe mzuri ajabu, na jirani akiomba kikonyo anaambiwa hapana, mti huu ni wa ukoo. Tunaelewa. Mti wa ukoo una heshima yake, na wakati mwingine kuna kaburi chini yake. Lakini kutoa kikonyo hakuupunguzi mti. Ukikataa wewe, na mwanao akauza kiwanja, na mnunuzi akataka mahali pa kufyatulia matofali, ukoo utabaki na nini?

Ni kweli kwamba maembe si sawa na matofaa kila upande. Ziko aina za embe ambazo kokwa lake hutoa mche wa kufanana na mama, na ziko ambazo hazifanyi hivyo. Dodo, bolibo, sindano, viringe, na yale yasiyo na jina ila linaitwa tu embe la kwa fulani: kila mmoja aulize wazee wake lipi linarudi kwa kokwa na lipi linageuka. Linalogeuka ndilo la kuwahi kwa kisu.

KAZI YA KALAMU

Kule Brogdale, mti wenyewe ni nusu ya mali. Nusu nyingine ni maandishi. Joan Morgan asingeweza kusema tofaa la Enlli halilingani na lolote kama hayo mengine yasingekuwa yameandikwa: jina, umbo, rangi, wakati wa kuiva, mahali lilipotoka. Tunda lisiloandikwa hufa mara mbili. Kwanza linasahauliwa jina, halafu linakatwa, kwa sababu hakuna anayejua kinachokatwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa vikundi vya kisomo kazi ifuatayo kwa msimu huu. Kila mwanakikundi achague mti mmoja wa matunda wa zamani kijijini, uwe mtofaa, mwembe, mchungwa, mfenesi au mparachichi. Ndugu wa Lushoto na Njombe watazame hasa mitofaa, mipeasi na miplamu iliyokuwepo kabla ya miche ya siku hizi. Amwendee mwenye mti, aombe ruhusa, amuulize mzee au bibi anayeufahamu. Halafu aandike kwenye daftari: mti uko wapi, unaitwaje na watu wa hapa, nani alisemekana kuupanda, unatoa maua mwezi gani na kuiva mwezi gani, tunda lina ukubwa gani, kwa kulinganisha na kitu kinachojulikana, kama yai au ngumi, rangi yake nje na ndani, ladha, linakaa siku ngapi bila kuoza, wadudu na magonjwa yanayoupata, na yale yanayoipata miti ya jirani lakini yenyewe haiipati. Hilo la mwisho lisisahaulike. Kwa tofaa la Enlli, usafi wa tunda ndio uliomshtua mtaalamu.

Maandishi yawe kwa wino, si penseli, maana penseli hufutika. Nakala moja ibaki kwa mwenye mti na nyingine kwa mwalimu wa kikundi. Bwana shamba akija, aonyeshwe daftari kabla ya kuonyeshwa mti. Na kikonyo kitakapotolewa, aandikwe aliyepewa, tarehe, na kijiji alikokipeleka, ili mti wa kwanza ukianguka watu wajue waende nyumba ya nani.